Bonde Lililonyamaza

Mtaani walimwita Bwana Vichaka, na hakukasirika hata siku moja. Mtu amestaafu kazi ya makumbusho, kochi lake analiacha likae bure, anakwenda kuzurura porini kwa miguu na magoti yenyewe mabovu. Ulitaka wamwite nani? Viatu vyake vilishonwa na kushonwa hata fundi akakataa kuvipokea.

Alikuwa akimfuatilia ndege mmoja mdogo wa kijivu, mpenda vichaka vizito. Ndege huyo humpati kwa macho, unampata kwa sikio. Unasimama, unafumba macho, unasubiri sauti yake nyembamba. Bwana Vichaka aliifanya kazi hiyo tangu ujana, na marehemu mkewe alizoea kumtania kwamba yule ndege ni mke mwenzake. Sasa misimu mitatu mfululizo bonde lilikuwa kimya. Ofisi ya wanyamapori ilingoja neno lake tu: akisema ndege amekwisha, bonde linaondolewa ulinzi, linakabidhiwa wachimba mawe. Neno hilo hakulitoa bado.

Akaenda mara ya mwisho. Binti yake, fundi cherehani, alikataa katakata aende peke yake, wakafuatana. Walivuka korongo, wakapanda mteremko wa miiba, nguo zikachanika, wakasimama. Mzee akafumba macho. Upepo, basi.

"Turudi, mwanangu. Amekwisha."

"Nani amekwisha, baba? Na huyu anayetupigia kelele tangu tufike?"

"Yupi?"

"Huyo hapo, wa kijivu. Mdomo wazi kabisa. Kwani humsikii?"

Mzee akatazama, akamwona. Koo la ndege lilitetemeka, mdomo ukafunguka na kufungika, na yeye hakusikia hata chembe ya sauti. Hapo akaelewa: bonde halikunyamaza, ni sikio lake lisiloshika tena sauti nyembamba. Akaketi juu ya jiwe. Alifurahi mno kwamba ndege yuko hai, na papo hapo akaumia kama mtu aliyefiwa.

Binti akaketi kando yake. Akaushika mkono wa baba yake, akaanza kumgonga kiganjani kwa kidole kila ndege alipolia: mbili za harakaharaka, kimya, kisha moja, kisha tena mbili.

"Ndiye," mzee akasema, machozi yakimtoka, wala hakuyaficha. "Ndiye huyo huyo. Kesho ofisini utasema wewe, mimi sikio sina tena. Lakini usiache kugonga kwanza."