Baba Yangu Hakutubu, na Jumapili Nimepewa Kipaza Sauti

Admin, jina langu lifiche, ila ukali wa maneno yangu usiupunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina watoto wawili, nauza mchele hapa Kashaulili, Mpanda. Na kabla hamjaanza kunihukumu, mjue mimi ni mlokole, tena naimba kwaya. Asiyeamini alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Kwao ni kijiji cha Mamba, alikuja mjini angali kijana akafungua kibanda pembeni ya soko, na mtu akimuuliza dini anajibu wazi, "Mimi siamini kama Mungu yupo." Hakumtukana mtu, hakumzuia mama kusali, na hela ya sare yangu ya kwaya alitoa yeye. Kwenye mikutano ya mtaa, watu wakisimama kufungua kwa sala, yeye anabaki kwenye benchi anasema, "Nyie fumbeni macho, mimi nitawalindia baiskeli." Wengine walicheka. Wengine walinuna, wakasema huyu mzee ataleta laana mtaani, na wa kwanza wao alikuwa mama mchungaji wetu. Aliwahi kusema madhabahuni kwamba anayemkana Mungu hadharani anyamazishwe. Baba alipopelekewa hayo maneno akacheka tu, akasema, "Yeye ana spika nne, mimi nina mdomo mmoja. Sasa nani anamnyamazisha nani?"

Mwaka jana akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi nao ukaenda, hakutamka neno hata moja mpaka anafariki. Mama mchungaji alikuja kumwona mara moja tu, na mimi nilikuwepo, nimekaa kitandani nimemshikilia baba mgongo. Akamwambia, "Mzee, mpokee Yesu sasa, hata kwa kutikisa kichwa." Baba akageuza uso akatazama ukuta, na hakugeuka tena mpaka yule mama alipoondoka.

Sasa sikieni. Siku ya kuzika, jeneza liko pale, mama mchungaji akashika kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, mzee huyu alinishika mkono akaniambia, mama, nimemkubali Yesu!" Kha! Vigelegele vikapigwa makaburini. Mama yangu akapiga magoti analia. Nilitaka kumrukia yule mwanamke pale pale, ila nilipomwona mama nikameza.

Nilidhani yataishia kaburini. Wapi! Kila mkutano wa injili ni baba yangu. "Hata yule mzee wa baiskeli, na kiburi chake chote, alitubu mikononi mwangu." Mtu akiuliza swali kidogo tu kanisani, anaambiwa hata mzee wa baiskeli alisalimu amri. Wateja sokoni wananipa hongera huku nawapimia mchele. Mtu alisema ukweli wake mchana kweupe miaka yote, leo anasemewa uongo na hawezi kuinuka akakanusha. Naungua, jamani.

Wiki iliyopita mama mchungaji akajileta mwenyewe. Jumapili hii kuna mkutano mkubwa uwanjani, na amenipangia nitoe ushuhuda kwamba mimi, mtoto wake, niliona baba akitubu. "Utasimama baada ya kwaya," akaniambia huku ananipapasa bega. Nikamjibu, "Amina, mama." Moyoni nikasema umekwisha. Nilifurahi, sifichi. Nataka aumbuke mbele ya halaiki, akose pa kuweka uso, asiaminiwe hata akisema kumekucha.

Juzi nilikuwa uani nachambua mchele, huku nafanya mazoezi kwa sauti: "Baba yangu hakutubu. Huyu mama ni mwongo." Kumbe mama yangu yuko mlangoni. Nikajua ataanguka. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia taratibu, "Mimi ndiye niliyekuwa namfuta mate baba yako. Unadhani sijui kama hakuongea? Mimi ndiye niliyemwomba mama mchungaji aseme vile."

Nikaweka ungo chini. Kumbe asubuhi ile ya mazishi, mimi nikiwa hospitali kuchukua mwili, vijana wa kuchimba kaburi waligoma. Eti hawamchimbii mtu aliyemkana Mungu. Na wanawake wa kupika hakuna aliyetokea. Mama akamfuata mama mchungaji, akamwomba awaambie watu kwamba mzee alitubu, ndipo majembe yakachukuliwa. "Ulitaka nimzike baba yako na nani? Na wewe? Pale kaburini nilipiga magoti kwa aibu, mwanangu, nilikuwa namwomba baba yako msamaha." Kisha akasema, "Ukimuumbua yeye, umeniumbua mimi. Na mimi watanizika hao hao."

Msidhani hasira imepoa. Imeongezeka! Mama aliomba uongo wa kuzikia, yule mwanamke akaugeuza wa kuhubiria, anajijengea nao jina. Na mtaa huu, ambao baba aliwazibia pancha miaka yote, wengine kwa mkopo wasioulipa, uligoma kumchimbia shimo moja. Natamani niwataje mmoja mmoja kwenye spika zao wenyewe, wasikie mpaka wa nyumba ya mwisho. Halafu namwangalia mama, ana miaka sabini, ana presha, na marafiki zake wote wako kwenye lile kanisa.

Jumapili sala ikianza watafumba macho wote, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yao na kipaza sauti mkononi. Sare yangu ya kwaya mama ameshaifua na kuipiga pasi, wala hajaniuliza nitasema nini. Nishaurini, jamani, nimsemee baba au nimstiri mama? Ila asitokee mtu wa kuniambia nisamehe tu, hilo sijauliza.