Gololi ya Saidi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, baiskeli mpya zimejaa Newala, na Baba Saidi alifika hospitalini kwetu kutoka Mkunya kambeba mwanawe aliyemeza gololi ya chuma ya baiskeli. Mtoto anakohoa, baba midomo imemkauka. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: gololi imekwama kwenye njia ya hewa, au imeshuka tumboni? Ikiwa kwenye njia ya hewa, mtoto angeweza kutufia mikononi.

Nilikuwa najifunza kupiga eksrei chini ya Mama Zuhura. Mama yule, acha tu! Saidi alivyokuwa anajitupatupa, mimi nilitaka tumfunge kwa shuka. Yeye akamvalisha baba aproni ya risasi ya kuzuia mionzi amshike mtoto mabega, kisha akaanza kupiga kwa vidole juu ya meza ngoma ya mapiko, wale wachezaji wa vinyago.

"Saidi, wewe ndiye lipiko. Ngoma ikikatika unafanyaje?"

Mtoto gani wa Kimakonde asiyejua? Lipiko hutulia tuli. Vidole vikanyamaza, Saidi akaganda, nami nikabonyeza.

Picha ikatoka na ukungu kidogo pembeni, lakini gololi ilionekana nyeupe pe, imekaa tumboni.

"Mbona hafifu hivi?" Baba Saidi akalalamika. "Kule Masasi kwa yule mwenye mashine yake binafsi, picha zinang'aa. Ongezeni moto, mpige nyingine!"

Nami mkono ulishaanza kwenda kwenye swichi.

"Baba Saidi," Mama Zuhura akasema, "tuliulizwa gololi iko wapi. Iko tumboni, itatoka yenyewe. Picha nyingine itamwongezea mwanao mionzi, jibu litabaki lile lile."

Nilimpenda mama yule, nampenda hadi leo. Baadaye Baba Saidi alirudi na mihogo, uso umekunjuka. Gololi ilishatoka, kaiosha, kairudisha kwenye baiskeli! Mama Zuhura alicheka hadi akakaa chini.

Sasa wewe umekabidhiwa mashine ya CT scan, na mionzi yake ni mingi kuliko ya eksrei yetu. Kabla hujabonyeza, jiulize daktari anataka kujua nini. Tumia mionzi inayotosha jibu hilo, basi. Uzuri wa picha waachie wapiga picha za harusi. Wala usibane mionzi mno ukatoa picha ya kukisia, maana hiyo nayo imemchoma mtu bure. Na mtoto akilia, mtulize kwanza, mashine itasubiri.

Nenda mwanangu, Mungu akujalie macho ya kutosheka, na vidole vya Mama Zuhura.