Nyumba Iliyokula kwa Sireni

Nilipokuwa na miaka tisa niliambiwa kwamba sireni ya reli, ile iliyokuwa ikilia mpaka mbwa wote wa Kamina wanaitikia, ilikuwa mali ya jirani yetu. Si ya reli. Ya jirani. Aliyeniambia ni yaya wangu, dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa amefika darasa la sita na kwa hiyo alijua mambo yote ya dunia.

"Haujue? Yule papa ni karani wa gare, kule treni inasimama. Walimupa sireni juu batoto yake bajue saa ya kula. Ikilia tu, banakula."

Nikahesabu kwa vidole. Sireni ililia mara nne kwa siku. Basi watoto wa karani walikula mara nne kwa siku! Rafiki yangu, niliamini kabisa. Niliamini kuliko nilivyoamini habari za Nuhu, maana safina yake sijawahi kuiona, lakini sireni niliisikia kwa masikio yangu haya.

Na ushahidi ulikuwepo. Likizo kubwa ikifika, vumbi la Julai likiwa limepaka kila kitu rangi moja, sisi watoto wa mtaa tulicheza mpira wa mifuko na kamba tangu asubuhi. Saa sita sireni inalia, na watoto watano wa karani wanaacha kila kitu. Wanakimbia kwao. Siku moja golikipa wao aliondoka mpira ukiwa bado hewani. Tukafunga mabao kumi na manne kabla ya kuona haya. Mama yao alisimama kwenye mlango wa bati, anawapitisha mmoja mmoja, kisha anafunga. Halafu kimya. Kimya kama cha kanisani wakati wa maombi. Kwetu kimya cha namna hiyo kilikuja tu bakuli la nyama lilipotua katikati yetu, basi nikajua: hao midomo imejaa.

Kwetu sasa! Kwetu tulikuwa watoto saba, na likizo ikianza, binamu walikuja kutoka Kabondo-Dianda mpaka tukawa kama arobaini. Mama alikuwa shambani anang'oa mihogo, na serikali ya nyumba ilikuwa mikononi mwa nkambo, mama mzazi wa mama yangu. Asubuhi yenye baridi ile ya kiangazi, aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, tukajibana pande zote, mgongo unaganda na magoti yanaungua. Alitoa viazi vitamu kwenye majivu kwa mkono mtupu, anavirusha, tunavidaka. Halafu kila mtu anatafuta kazi kabla kazi haijamtafuta. Huyu anafagia, huyu anakwenda bombani, hawa wanatwanga sombe, majani ya mihogo, huku wanagombana, na mimi na beseni langu la mahindi kichwani kwenye foleni ya mulini, mashine ya kusaga, ambako niliingia mweusi na kutoka mweupe kama mmisionari.

Lakini saa ya kula? Hakuna aliyeijua. Saa nane, saa kumi, siku nyingine jua limekwisha kuaga.

"Nkambo, tutakula saa ngapi?"

"Uliza sombe. Usiniulize minyi."

Na nilipomwambia kwamba kwa karani wanakula kwa sireni, aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Kumbe! Na wakisikia haja ya kwenda choo, sireni inalia pia?"

Alicheka yeye. Mimi wivu ulinishika kama malaria, na baridi zake na jasho lake. Niliwaonea wivu wale watoto kwa mlango wao, kwa mstari wao wa kuingia ndani, kwa mama anayejua saa. Niliiangalia nyumba yetu nikaiona kama soko siku ya mvua. Jumatatu moja nikaamua. Nikaosha sahani yangu ya bati kwa mchanga mpaka ikang'aa, nikavaa shati la Jumapili, nikaenda kusimama mbele ya mlango wa karani kabla ya saa sita.

Sireni ikalia. Watoto wakaja mbio, wakanipita. Wa mwisho alikuwa binti yao wa umri wangu, ambaye shuleni tulikaa dawati moja. Aliangalia sahani, akaangalia chini, akaingia. Mama yake akabaki, kikwembe chake kimepigwa pasi, anashika mlango.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa. Unatafuta nini?"

"Nimekuja kungoja chakula." Nikainua sahani, asije akadhani natania.

Aligeuka kidogo, akaangalia ndani kwake, kisha akanirudia.

"Rudia kwenu, mwanangu. Nkambo yako atakutafuta."

Akafunga. Nikasikia komeo.

Aibu ile, ndugu msomaji, ingetosha kijiji kizima na mabaki ya kupeleka Luena. Sikulia. Nilifanya vibaya zaidi: nilitunga wimbo, palepale, nikipiga sahani yangu kama ngoma.

"Sireni inalia, bachoyo banakula! Sireni inanyamaza, bachoyo banashiba!"

Kufika jioni mtaa mzima uliujua. Kesho yake saa sita tulisimama nje ya ua wao, watoto kama mia mbili, tukaimba na kucheza. Na keshokutwa. Na likizo yote iliyobaki. Ndani hakutoka mtu hata kutufukuza, jambo lililonihakikishia kwamba walikuwa na shughuli nyingi mezani.

Nkambo alipousikia wimbo na kujua mtunzi ni nani, alinishika sikio. "Weye! Kwetu hapa sahani yako inajaa, unaenda kuimbia bantu mu nyumba yao?" Nikaahidi kuacha. Nikaendelea kwa sauti ndogo. Shule ilipofunguliwa, yule binti aliomba kukaa dawati lingine, na mimi nikasema moyoni: bila shaka, mchoyo hataki hata kugawana ubao wa kukalia. Mwaka uliofuata walihamia Luena, treni ikawachukua na vitanda vyao, na sikuwaona tena.

Ninayakumbuka haya yote kwa sababu ya likizo ya mwaka huu. Nina watoto wanne, na nina diploma niliyoipata shule ya jioni nikiwa na ndevu tayari. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha watoto wakae miezi miwili kama mbuzi waliokatika kamba. Siku ya kwanza ya Julai niliandika programu kwenye katoni: kuamka, kuoga, uji, kufagia, kusoma, kula, kupumzika, kucheza. Nikaning'iniza kipande cha chuma cha reli kwenye baraza, na nyundo pembeni. Hatimaye na mimi nilikuwa na sireni yangu!

Siku ya kwanza watoto walikimbia kama askari. Siku ya pili walitembea. Siku ya tatu binti yangu mkubwa akaniuliza, "Papa, shule imefunga, weye umefungua ingine?" Na saa sita kamili nilipogonga chuma, mke wangu akatoa kichwa jikoni, mwiko wa ugali mkononi.

"Papa ya batoto, bukari bado. Unagongea nini?"

"Wakae mezani wangoje. Saa ni saa."

Wakakaa. Nusu saa nzima, wanne wote, wanaangalia meza tupu. Mdogo wa mwisho akalala na shavu juu ya mbao.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeshindwa, ingawa sikumwambia mtu. Nyumba ilikuwa imejipanga yenyewe bila kunishirikisha. Wasichana walikwenda bombani mapema kwa sababu ndiko kwenye hadithi. Mvulana alikaanga karanga na kuzilinda kama benki. Mke wangu alianza wimbo wa kanisa akipepeta unga, na wimbo ukifika ubeti wa mwisho watu walikuwa wamekwisha kunawa mikono, hakuna aliyewaita. Ulikuwa mwendo ule ule wa nkambo, na mimi nilikuwa nakula bukari ya moto katikati yake. Hapo nilipaswa kufurahi. Hapana! Nilikuwa bado namwonea wivu golikipa yule, mtu mzima mimi, na chuma changu kimeanza kutu.

Nkambo amelala makaburini siku nyingi sasa. Kinu chake kilipasuka, tukakichoma kuni. Ua wa karani uling'olewa, nyumba imegawanywa, wanakaa wapangaji ambao sijui majina yao, na saa sita siku hizi kila mtu anaiona kwenye simu yake, peke yake. Sireni siisikii tena. Mbwa wa leo hawana cha kuitikia.

Wiki ya mwisho ya Agosti mke wangu akaniita nje: mwalimu mpya wa binti yetu amekuja kusalimia wazazi. Nikatoka na shati safi. Alikuwa yeye, yule binti wa karani, ana miwani na mvi mbili tatu. Tulipiga kelele za kukumbukana mpaka kuku wakakimbia.

Alipewa chai. Akaona katoni ukutani, akaona chuma, akauliza. Nami, kwa furaha, nikamweleza yote: sireni ya baba yake, milo minne, sahani, hata wimbo nikauimba, na watoto wangu wakaitikia. Alicheka. Alikumbuka maneno yote kuliko mimi.

"Miaka thelathini nawaonea wivu," nikamwambia. "Leo uniambie basi. Ile saa sita, mama alikuwa anawapikia nini?"

Akaweka kikombe chini.

"Hatukukuwa tunakula, ndugu yangu. Sireni ilikuwa ya bantu ba kazi, na papa hakukuwa tena na kazi tangu Pasaka. Hakutaka mutaa ujue. Mama alituingiza saa ile juu bantu baseme: batoto ya karani banaenda kula. Tulikunywa maji, tunalala kwa mukeka mpaka munamaliza kuimba. Chakula ilikuwa mara moja, jioni."

Nikainuka, nikageuza katoni ya programu ielekee ukutani.

"Na siku ile ulikuja na sahani," akasema, "mama hakukunyima. Hakukuwa na kitu."