Kamba Iliyotema Mate

Mpaka leo nikinusa kamba mpya ya katani kwanza nacheka, halafu nageuka pembeni ili walio karibu wasione macho yangu yakilengwa na machozi. Wanangu wamezoea. Wewe hujazoea, kwa hiyo nikusimulie.

Tulikuwa wageni Zombo. Sisi tulitoka milimani, Lumuma, na pale kwenye kijiji cha ujamaa tukakutana na watu wa bondeni, nyumba zetu zikapangwa kwa mistari, tukaanza kuitana ndugu kabla hatujajuana majina. Kiswahili kilituunganisha, lakini kila ukoo ulikuja na Kiswahili chake cha mfukoni. Bibi yangu, kwa mfano, alitukataza kabisa kumtaja nyoka shambani. Alisema nyoka akisikia jina lake anadhani ameitwa. Kwetu sisi aliitwa kamba, na ukiambiwa kuna kamba mbele yako hukungoja kuambiwa mara ya pili. Wenyeji wetu wa bondeni walikuwa na adabu hiyohiyo, ila wao walimwita mdudu. Kwenye mikutano ya kijiji tulijadili karibu kila kitu chini ya jua, isipokuwa hilo.

Siku hiyo ilikuwa ya kazi ya pamoja. Pamba ilikwisha kuvunwa, tukawa tunang'oa miti yake mikavu na kuirundika ili ichomwe. Jua lilikuwa kali, vumbi la pamba linawasha shingoni, na watu wanaimba ili wasihesabu matuta yaliyobaki. Dada yangu Eda, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa mbele yangu. Eda alikuwa na macho makali kuliko sote nyumbani. Ndiye aliyemtungia Bibi uzi kwenye sindano, na alijivunia kazi hiyo kupita kiasi.

Aliinua rundo la miti, na chini yake akasimama swila, shingo imetanuka, mweusi wa kung'aa. Mate yenyewe sikuyaona. Nilisikia sauti fupi tu, kama ya mtu anayepuliza vumbi mezani, kisha Eda akajishika uso kwa mikono miwili na kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Swila akajitia kwenye nyufa za ardhi akaenda zake.

Nilikimbilia kwa watu wazima nikipiga kelele, "Kamba! Kamba jamani! Eda!"

Mwenyekiti wetu, Mzee Salumu, alikuwa mtu wa bondeni, mnene, mwepesi wa miguu na wa huruma. Kusikia kamba, alijua mara moja kuwa mtoto katumbukia shimoni. Akanyakua furushi zima la kamba mpya ya katani tuliyokuwa tukifungia mizigo, akaja mbio na wanaume wanne nyuma yake.

"Shimo lipi, mwanangu? Shimo liko wapi?"

"Kamba!" nililia.

"Si hii hapa!" Akanibwagia mikononi. Nikabaki nimekumbatia kamba ya katani, nalia, nashindwa kutaja jina nililokatazwa na Bibi.

Mama alikuwa mwisho wa shamba. Yeye alilielewa neno lile. Alitupa jembe, akafika, akaniuliza swali moja tu.

"Imeuma au imetema?"

"Imetema. Machoni."

Hakwenda kwa Eda kwanza. Alikwenda kwenye pipa la maji ya kunywa, ambalo wanawake walilijaza tangu alfajiri, debe kwa debe, kutoka mtoni. Akamlaza Eda ubavu, akamfumbua jicho kwa vidole, akaanza kumimina kata baada ya kata, taratibu, bila kukoma. Jirani mmoja akaja na majani aliyoyatafuna, Mama akamshukuru na kumwomba ayaweke tu pembeni. Tukaona pipa linashuka nusu, kisha robo. Watu walikuwa na kiu. Mzee Salumu akavumilia, akashindwa.

"Mama Eda, maji haya ni ya watu sitini."

Mama hakuinua kichwa. "Na macho haya, Ndugu Mwenyekiti, si ni ya watu sitini? Mlituambia kila kitu hapa ni chetu sote."

Nilimwogopea. Nilidhani watatufukuza, turudi milimani na Eda kipofu. Mzee Salumu akachukua debe tupu, akalitia begani na kuelekea mtoni mwenyewe. Wanaume wakamfuata. Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyowaona wanaume wa Zombo wakichota maji.

Eda alipelekwa zahanati ya Mikumi kwa baiskeli, macho yamefungwa kitambaa. Tukangoja siku tatu. Bibi hakushona kitu siku zote hizo. Sindano aliichomeka kwenye kanga yake, akasema itamngoja mwenyewe. Eda alirudi akiona. Mganga wa zahanati alikuwa ameuliza nani alimwosha, kisha akasema huyo ndiye aliyemtibu, yeye amemalizia tu.

Nilimuuliza Mama kwa nini nyoka yule alimchukia dada. Alikuwa anachambua mchicha. "Hakumchukia," alisema. "Hana mikono wala meno ya kutafunia. Yale ni mate yake ya kulia panya. Katishwa, akamwaga chakula chake usoni pa mtu ili apate kukimbia. Nyoka naye alipata hasara siku ile." Nikaona Mama anamtetea adui, nikanuna.

Baadaye nilisoma, nikawa mwalimu wa baiolojia. Humo vitabuni nikakuta kwamba tezi za sumu za nyoka zina undugu na tezi za mate. Kwamba sumu yenyewe ni protini za kawaida za mwili zilizobadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, hadi zikaweza kumlegeza panya na kuanza kumlainisha kabla hajamezwa. Kutema kulikuja kuwa kinga dhidi ya wakubwa kama sisi. Na maji hayaiui sumu hiyo. Yanaiondoa tu, kabla haijapenya kwenye jicho.

Mama akiwa mzee nilimweleza yote hayo jikoni kwake, kwa mapana na marefu, na ualimu wangu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kando yake Eda, mwenye wajukuu sasa, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Kwa hiyo ni mate," Mama alisema.

"Ndiyo, Mama. Ni mate."

"Miaka yote hiyo shuleni, uje uniambie nililokuambia Zombo."

Eda alicheka hadi uzi ukamponyoka. Mimi nilisimama pale na vyeti vyangu vyote, mwanafunzi wa yule mama, na sijawahi kujivunia kushindwa kama siku ile.