Makumbi Yangu Ndani ya Ua wa Hoteli

Mwaka 1985, nikiwa na miaka thelathini na tisa, mume wangu alifariki akaniachia watoto wanne na jembe bila mpini. Nikaingia kwenye kazi ya usumba: unafukia makumbi ya nazi pwani, yanaoza miezi kadhaa, unayafukua, unayaponda, unasokota kamba. Yananuka, lakini yametulea.

Miaka ikapita, ikaja kampuni ya hoteli, ikazungushia ua pwani yetu. Shimo langu likabaki ndani, limejaa makumbi. Mlinzi akanambia, "Bibi, hapa pana mwenyewe." Sheha wetu, mkubwa wa serikali pale kijijini, naye akasema pwani wamepewa, na yeye karidhia. Nikamwambia, "Basi mimi nnakwenda mjini."

Alfajiri nikadandia gari la kuni. Saa tatu niko Darajani, saa nne ofisi ya ardhi. Afisa, mtu mzima mzaliwa wa Fumba, akaniamkia: "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Pwani inauzwa?"

Akacheka. "Haiuzwi. Mkataba wa hoteli unaishia pale maji yakijaa yanapofika. Chini ya hapo pa watu wote."

"Na sheha akiridhia?"

"Sheha hana uwezo huo. Hata waziri wangu hana. Huo ua ulijengwa maji gani?"

"Maji mafu, yale yasiyopanda sana."

"Ala! Basi ntakuja bamvua, maji yakijaa kupita siku zote, tuyatazame pamoja."

Jioni binti yangu anayekaa Mpendae akanipeleka Forodhani. Nikala pweza kwa furaha mpaka akaniuliza kama nimechumbiwa.

Nikarudi kijijini kungoja. Alasiri ya bamvua afisa akaja kweli. Tukasimama mimi, yeye, meneja na sheha. Maji yakapanda, yakapita ua, yakabeba viti vya wageni. Sheha kashika viatu mkononi.

"Meneja," nikamwambia, "mwambie mlinzi ayazuie na haya."

Ua ukang'olewa wiki ile ile. Nilipofukua makumbi, wageni wakaziba pua. Meneja akaniomba, "Bi, huwezi kufukua usiku?"

"Usiku nnalala, baba."

Nilichojifunza: kampuni ina mwisho wake, na serikali ina mwisho wake. Zamani nikidhani ni mimi tu niliyewekewa mpaka.

Leo nina nyumba ya matofali yenye bati jipya, kisima, ng'ombe wawili, cherehani na minazi ishirini. Pwani haimo humo, maana hiyo ya watu wote.