Shangazi Kadi Nyekundu

Mtaa mzima ulimwita Kadi Nyekundu, naye akaitika. Mimi namwita shangazi, kwa sababu ni dada wa baba yangu, tumbo moja kabisa, ingawa kwa miaka mingi usingeweza kulijua hilo ukiwaona wakipishana njiani. Baba alitazama juu, shangazi akatazama chini, na mimi hapo katikati nasalimia pande zote kama mjinga.

Kazi yake ni kukagua ndoo za taka. Manispaa ilipitisha sheria kwamba kila nyumba iwe na ndoo mbili: ya kijani kwa maganda na mabaki ya chakula, ya bluu kwa plastiki, makopo na karatasi. Mifuko myembamba ya plastiki ikapigwa marufuku sokoni, maduka yakalazimishwa kupokea tena chupa tupu, na gari la taka likakatazwa kubeba ndoo iliyochanganywa. Watu walilalamika sana, hasa wale ambao hawajawahi kuishi jirani na jalala. Shangazi hakulalamika. Ujana wake wote alizibua mitaro ya mji huu, na alijua kwa mikono yake mwenyewe mvua ikinyesha ni nini huziba, na wapi. Siku alipopewa koti la ukaguzi alilipiga pasi mara mbili.

Alikuwa mkali, nisidanganye mtu. Anafunua ndoo, anainama, anapekua kwa kijiti, kisha anatundika kadi getini: ya kijani ukiwa sawa, nyekundu ukichanganya. Nyekundu haikuwa faini. Waliotunga sheria siku hiyo walikuwa wameamka vizuri, wakaandika kwamba anayekosea afundishwe kwanza: mkaguzi aingie nyumbani kwake, aketi, amwonyeshe. Watu wazima waliona aibu zaidi kufundishwa takataka kuliko kulipa, wakajirekebisha upesi. Muuza nyama wa kona alijaribu mzaha. "Dada, kumbe hata mifupa ina chama chake siku hizi?"

"Ina ndoo yake," shangazi alimjibu. "Chama chake sikijui."

Ugomvi wake na baba ulianza bibi alipofariki. Bibi alikuwa hatupi kitu. Chumba chake kilijaa makopo, mifuko ndani ya mifuko, chupa zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na chupa. Baada ya mazishi shangazi alikisafisha chote kwa siku moja, na katika mzigo uliokwenda jalalani lilikuwemo beseni la plastiki lililopasuka, ambalo bibi aliwaogeshea wanawe wote. Baba aliporudi akakuta chumba kinang'aa. "Umemtupa mama," alimwambia, mbele za watu. Shangazi akachukua mkoba wake, akaondoka. Lilikuwa neno baya, na baba alijua hivyo kabla halijamaliza kutoka mdomoni. Lakini baba yangu akikasirika hujifungia humo ndani ya hasira, halafu haoni pa kutokea.

Mwaka huu shangazi akapangiwa mtaa wetu. Siku ya kwanza alifika getini, akakagua, akatundika kijani, akapita. Baba alikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona alivyomsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa barabara, nikajifanya nafuta meza.

Wiki iliyofuata tukapata nyekundu. Nilitamani ardhi inimeze, maana ndoo ni mimi ninayezipanga.

"Baba, nani kagusa ndoo zangu?"

"Labda paka."

"Paka gani huyo anafunga na kifuniko?"

Akageukia redio yake.

Shangazi akaja kufundisha. "Hamjambo, mwenye nyumba," alisema. "Hatujambo, mkaguzi," baba akajibu. Mtu na dada yake. Aliketi, akaeleza kila kitu kwa sauti ya kiofisi, na baba akasikiliza kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake. Aliinua ganda la ndizi, akauliza, "Na hili nalo, mkaguzi, linaingia wapi?" Nikakimbilia jikoni nicheke.

Tukapata nyekundu tena, kisha tena. Mwishowe nikamfuma baba asubuhi uani, na nguo za kulalia, akihamisha chupa safi kutoka ndoo ya bluu na kuzipanga kwenye ya kijani. Maganda alikuwa ameshayapeleka kwenye ya bluu.

"Nyamaza, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Leo ni siku yake."

Nikarudi ndani.

Safari hiyo shangazi hakufundisha. Alizifunika ndoo zote mbili, akavua glavu.

"Asiyejua huchanganya," alisema. "Wewe hujachanganya, umebadilisha tu. Chupa umeziosha. Hata karatasi zake umezibandua."

Baba akazitazama ndoo.

"Ofisini wananiuliza kwa nini kuna nyumba moja haifundishiki. Ikija nyekundu nyingine, mtaa huu unapewa mkaguzi mwingine. Wanaona labda mimi ndiye nisiyejua kufundisha."

"Hilo sikulijua."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza kwa mdomo gani?" baba alisema. "Neno nililokwambia siku ya msiba limenikaa kooni mpaka leo. Nisamehe. Sikuona namna nyingine ya kukufanya uingie humu ndani."

Shangazi alivaa glavu zake. Kidole gumba kilimpotea mara kadhaa kabla hajakiingiza mahali pake. "Wiki ijayo nataka kijani," alisema, akatoka.

Na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Nyekundu ingempeleka mtaa mwingine, na kijani ilimaanisha hana sababu ya kuingia kwetu. Baba alitenganisha zile taka wiki nzima kwa mkono wake, hataki msaada. Siku ya ukaguzi alinyoa ndevu. Shangazi alifunua, akachungulia, akatundika kijani, akaenda kwa jirani. Hakutazama hata dirishani.

"Haya," baba alisema. "Nimefaulu." Akaenda kujilaza mchana kweupe, mtu ambaye huniita mvivu nikisinzia kwenye kiti. Nilimkasirikia shangazi kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Angalau angekohoa.

Jioni mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa shangazi, hana koti, na kandambili miguuni. Alinipita jikoni, akafunua sufuria yangu, akaguna, akaongeza chumvi bila kuniuliza, akaenda sebuleni.

Baba aliinuka haraka. "Ndoo zina nini?" aliuliza, na nilisikia woga ndani ya sauti yake.

"Ndoo hazina kitu, kaka. Sina kazi hapa. Nimekuja tu."

Baba akamsogezea kiti chake mwenyewe, kile asichokalia mtu mwingine, akabaki amesimama pale na machozi yanamtiririka mbele yetu wala hayafuti. Shangazi alikaa. Akavua kandambili.