Pikapu, Godoro na Heshima ya Abti

Naam, mtu yule ni mimi. Nimenyamaza miaka mingi nikitumaini kwamba Garissa itasahau, lakini Garissa haisahau, na juzi tu nimeketi mkahawani nanywa chai yangu kwa utulivu nikamsikia kijana ambaye wakati ule hakuwa hata amezaliwa akiwasimulia wenzake kwamba katika miaka ya tisini afisa mmoja wa serikali alimwangusha bibi harusi kutoka garini mbele ya kundi la ngamia. Uongo mtupu! Hakuna ngamia aliyehusika, na bibi harusi alikuwa nyumbani akipakwa hina. Aliyeanguka ni mwingine kabisa, na kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa kunyoosha yaliyopinda, basi na hili nalinyoosha leo, ingawa aibu yake bado inanichoma masikio.

Wakati huo nilikuwa afisa wa utumishi katika ofisi moja pale mjini, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na nilikuwa na pikapu yangu, kuukuu lakini safi kupita magari mengi ya wakubwa zangu. Dada yangu alikuwa na binti mmoja, Sahra. Mimi ni abti wake, yaani mjomba, na baba yake alipofariki binti angali mdogo nilimwahidi kwamba siku ya kuolewa atapanda gari langu, na gari langu litatangulia msafara wote. (Kwa wasiozijua arusi zetu: magari hupambwa vitambaa, yakazunguka mji yakipiga honi na wanawake wakiimba, na jicho la kila mtu huwa kwa gari la mbele. Gari la pili halina anayelikumbuka.)

Posa ikaja, ikakubaliwa, tukafurahi. Kisha upande wa bwana harusi akajitokeza ami yake, Dubow, dereva wa kubeba miraa, mwenye pikapu nyekundu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya Tana, akatangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba bibi harusi atabebwa na yeye.

"Mzee, wewe endesha ofisi," akaniambia. "Gari wachia sisi. Gari yako ikianza kuondoka, mtu anaswali rakaa mbili, anamaliza, anakuta bado iko hapo hapo."

Watu wakacheka, na walioniuma zaidi ni wale wa upande wangu. Mtu wa cheo changu alipaswa kujibu kwa upole, au kuandika pingamizi. Mimi nikasikia kinywa changu kikisema, "Ijumaa, baada ya alasiri, kule uwanjani. Atakayeshinda ndiye atakayembeba Sahra."

Uwanja wenyewe ulikuwa ardhi tambarare nje ya mji, kando ya barabara ya Wajir, ambako madereva walishindana siku za Ijumaa, magari mawili mawili, mbio za kunyooka mpaka kwenye mapipa. Hakuna kona wala mlima. Ushindi wote uko katika kuondoka. Anayechomoka vizuri ameshamaliza kazi. Na kuondoka, kwa bahati mbaya, ndiko kulikonishinda mimi.

Nilianza mazoezi asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mara ya kwanza niliachia klachi kwa haraka, gari likaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, kisha likazimika. Nikasema, tatizo ni moyo mdogo, nikakanyaga mafuta mpaka injini ikalia, nikaachia, na magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale yakirusha mchanga mpaka gari likakaa kwenye shimo na mimi ndani yake na tai yangu shingoni. Ni wakati huo huo Dubow alipokuwa akipita. Akasimamisha gari, akashuka, akashika kiuno.

"Waryaa mzee! Unachimba kisima?"

Akalizunguka gari langu, akacheka, kisha (na hapa lazima nimtendee haki) akashindwa kujizuia kunifundisha. "Sikia. Kwa tairi punguza upepo kidogo. Klachi usiachie kama mtu anatupa takataka, achia pole pole mpaka usikie gari inataka kwenda, hapo ngojea, halafu mafuta. Na hii nyuma yako iko tupu, iko mwepesi, ndio tairi inacheza. Weka mzigo."

"Na mbona unanifundisha, nawe ni mpinzani wangu?"

"Wallahi, nikishinda mtu hajui kuondoka, nitajisifu na nini?"

Nilikasirika, lakini nikafuata. Na sitawaficha, ilikuwa raha! Siku gari liliponisukuma mgongo kwenye kiti kwa mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu nyikani kama mtoto, na kazini nikajikuta, katikati ya kikao cha wakuu wa idara, nikikanyaga klachi chini ya meza.

Ijumaa ikafika. Dada yangu akanituma kupeleka vyombo vya Sahra kwenye nyumba yake mpya huko Iftin: godoro kubwa la arusi, mikeka, masufuria, vibuyu vya maziwa, chetezo cha uvumba, vyote vikapangwa nyuma ya pikapu, godoro likiwa juu. Kwetu vyombo vya bibi harusi haviachwi peke yake hata dakika moja mpaka viingie ndani, lazima awepo mwanamke wa ukoo wa kuvilinda, na kazi hiyo alipewa Habaryar Asli, mama yetu mdogo, mwanamke wa mwili uliojaa na ulimi usiochoka, naye akaketi mbele pamoja nami akiushikilia mwavuli wake kama bunduki. Nilipaswa kupeleka vyombo kwanza, kisha niende uwanjani. Hapo ndipo neno la Dubow liliponijia: weka mzigo. Nami ninao mzigo! Mzuri, mzito, umeshapakiwa! Nikaamua vyombo vitafika Iftin baada ya mashindano, na uamuzi huo mdogo, ulioonekana wa busara kuliko yote niliyowahi kufanya, ndio mama wa yaliyofuata. (Komeo la mlango wa nyuma wa pikapu lilikuwa limevunjika. Mlango niliufunga kwa kamba, kwa fundo lile lile la kufungia mafaili ofisini, ambalo halijawahi kuniangusha.)

Uwanjani walijaa watu kuliko sikukuu. Nikamwomba Habaryar ashuke akapumzike kivulini na wanawake wengine, akashuka akinung'unika. Nikaketi, nikafunga dirisha la upande wake, nikakazia macho kofia iliyoinuliwa juu na mwamuzi wetu, muuza chai mmoja. Nisichokijua ni kwamba Habaryar, alipogeuka akaona vijana wanavizungukia vyombo wakivichungulia, aliwafukuza kwa mwavuli, akawaamuru wampandishe nyuma, akaketi juu ya godoro kama malkia. Mimi nilihisi gari limelala kidogo nyuma. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, mzigo umetulia.

Kofia ikaanguka. Nikaachia klachi nusu, nikasikia gari linataka kwenda, nikangoja, nikakanyaga mafuta, na jamani, sijaondoka vile tena maishani mwangu! Hakuna gurudumu lililocheza. Dubow nilimwacha pale pale. Nyuma yangu nikasikia mayowe makubwa, vigelegele, watu wakiita jina langu, na kwenye kioo sikuona ila vumbi, basi nami kwa unyenyekevu nikatoa mkono dirishani nikawapungia. Mayowe yakazidi. Nikapunga zaidi.

Nikayapita mapipa, nikashuka, nikainua mikono juu. Alikuwepo mzee mmoja tu, aliyewekwa kushuhudia mwisho. Alinitazama, akaitazama pikapu.

"Mwanamke iko wapi?" akauliza.

"Mwanamke gani?"

"Ule alikuwa juu ya godoro."

"Godoro gani..." nikaanza, na nikageuka, na nyuma ya pikapu kulikuwa na kipande cha kamba peke yake.

Nilirudi polepole, na njia nzima nikakuta arusi ya Sahra imetandazwa: sufuria hapa, kibuyu pale, mkeka umejikunjua mchangani kana kwamba unangoja wageni. Na pale kwenye mstari wa kuanzia, hatua chache tu kutoka nilipoondokea, lilikaa godoro, na juu ya godoro alikaa Habaryar Asli, mwavuli wazi, hajaumia hata ukucha. (Narudia: hata ukucha. Godoro lilichomoka naye kama mkate utokavyo tanurini, likatua sawa.) Dubow hakuwa ameondoka kabisa, alizima gari akakimbia kumsaidia, na sasa alikuwa amelala chini kwa kicheko.

"Nilikuita!" Habaryar akafoka. "Nikakuita kwa jina lako! Na wewe unanipungia mkono?"

Nikauficha mkono ule nyuma ya mgongo.

Ubishi ukaanza. Upande wangu wakasema gari langu lilifika, tena peke yake. Upande wa Dubow wakasema gari imefika, mzigo haikufika, na bibi harusi naye ni mzigo. Nilimfikiria Sahra na ahadi yangu, nikaiona ahadi imelala mchangani na yale masufuria. Hapo Habaryar akapiga mwavuli chini.

"Nyamazeni. Mimi ndiye nilianguka, mimi ndiye nitaamua. Sahra atapanda gari ya abti yake."

"Habaryar!" Dubow akaruka. "Huyu huyu?"

"Wewe hujaangusha mtu bado," akasema Habaryar. "Siku yako inakuja. Huyu yake imepita. Wallahi hatarudia."

Dubow akacheka tena.

Kesho yake nilitangulia msafara, Sahra kando yangu kwenye shela, Habaryar upande wa mlango, mkono wake umepita mbele ya Sahra ukishika breki ya mkono. Niliendesha polepole kiasi kwamba waimbaji walimaliza nyimbo zote wanazozijua, na Dubow, gari la pili, akapiga honi mpaka ikapoteza sauti. "Abti," Sahra akaniambia akijifuta machozi ya kicheko, "mbuzi wanatupita." Nikamwambia awaache wapite.

Sijashindana tena wala sitashindana. Na tangu siku ile siliondoi gari kabla ya kushuka, kulizunguka, na kuuliza kwa sauti kama kuna mtu nyuma, hata nikiwa peke yangu porini. Wajukuu hunicheka. Wacheke. Lakini iwe wazi kwa wote: kwenye mapipa yale nilifika wa kwanza.